Damu ya mgonjwa wa selimundu: namna ya kulinganisha C, E na Kell, hatua kwa hatua

Kila wanapoingia vijana wapya benki ya damu, maswali ni yaleyale. "Mgonjwa ni O chanya, uniti ni O chanya, tunapima nini tena?" "Krosimachi ilikubali, mbona amerudi wiki iliyofuata macho ya manjano?" "Huyu mtoto mbona kila uniti inamkataa?" Nimeyaweka majibu mahali pamoja ili hata aliye zamu ya usiku peke yake ayapate.

Mwongozo huu ni wako wewe mtaalamu wa maabara wa hospitali ya wilaya au ya mkoa, mwenye tyubu, sentrifuji na vitendanishi vichache. Mgonjwa ninayemlenga ni wa selimundu, ambaye wengine humwita mgonjwa wa sikoseli. Tanzania inakadiriwa kuzaa watoto takriban 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na wengi wao huongezewa damu mara kwa mara tangu wakiwa wadogo. Hatua hizi zinamfaa pia mwenye thalasemia (upungufu mwingine wa damu wa kurithi) na yeyote atakayetegemea damu kwa miaka. Pale maelezo yangu yanapopishana na taratibu za maabara yako au na karatasi iliyomo ndani ya boksi la kitendanishi, fuata hizo.

Nadharia kidogo tu

Kwa ABO, kila mtu ana kingamwili za asili. Ukikosea, mgonjwa anaweza kufa siku hiyohiyo, na ndiyo maana ABO haina mzaha. Lakini chembe nyekundu ina antijeni, yaani alama za juu yake, zaidi ya 300. Kwa C, c, E na e za mfumo wa Rh, K ya Kell, Duffy, Kidd na S, kwa kawaida mgonjwa hana kingamwili mpaka akutane na damu ya mtu mwingine, iwe kwa kuongezewa au kwa ujauzito. Uniti ya kwanza yenye antijeni ngeni hupita salama, huku mwili ukijifunza. Ya pili, au ya kumi, ndiyo inayovunjwavunjwa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Krosimachi, yaani kupima plazima ya mgonjwa dhidi ya chembe za uniti, inakuonyesha kingamwili iliyopo leo, wala haimzuii mgonjwa kutengeneza nyingine kesho. Kinachozuia ni kutompa antijeni asiyokuwa nayo, tangu uniti ya kwanza. Kwa mgonjwa wa selimundu tunaanza na C, E na K kwa sababu hizo ndizo zinazosumbua mara nyingi zaidi, na miongozo ya kimataifa inapendekeza hivyo hivyo.

Marekani na Ulaya kazi hii ni ngumu, kwa sababu wachangiaji wengi ni wazungu na wagonjwa wengi wa selimundu ni weusi. C inapatikana kwa wazungu takriban 68 katika kila 100, kwa Wamarekani weusi ni takriban 27. K ni takriban 9 kwa wazungu na 2 kwa Wamarekani weusi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1990 ulikuta asilimia 30 ya wagonjwa wa selimundu walioongezewa damu wametengeneza kingamwili, wakati kwa wagonjwa wasio weusi wenye upungufu mwingine wa damu wa kudumu ilikuwa asilimia 5. Sisi hapa, mchangiaji na mgonjwa wanatoka kijiji kimoja. Waafrika wengi ni D chanya (D ndiyo inayomfanya mtu aitwe chanya au hasi), C hasi, c chanya, E hasi, e chanya, yaani ile aina inayoandikwa Ro, na pia K hasi. Mara nyingi damu inayomfaa mgonjwa wako imo kwenye friji muda huu, ila hakuna aliyeitafuta.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Sampuli ya mgonjwa kwenye kichupa cha EDTA chenye kifuniko cha zambarau.
- Anti-A, anti-B, anti-D, anti-C, anti-c, anti-E, anti-e na anti-K.
- Seli za A1 na B za kugrupu kinyume, na seli za O za kutafutia kingamwili (seti ya seli tatu ikiwezekana).
- Seramu ya Coombs, inayoshikanisha chembe zilizovishwa kingamwili, pamoja na seli za kuihakiki, yaani zile zilizokwisha kuvishwa IgG (aina ya kingamwili).
- Salaini ya 0.9%, maji yaliyochujwa kwa mvuke, na LISS (salaini yenye chumvi kidogo, inayofupisha muda wa kipimo) kama mnayo.
- Sentrifuji ambayo mwendo na muda wake vimehakikiwa, na beseni la maji la 37°C lenye kipimajoto ndani. Namba ya kwenye kitufe usiiamini, soma kipimajoto.
- Tyubu za kioo, pipeti, kalamu isiyofutika, taa nzuri ya kusomea.
- Rejesta ya benki ya damu na kadi ya mgonjwa.

Kama bajeti hairuhusu antisera zote, nunua kwanza anti-C, anti-E na anti-K. Wagonjwa wetu wengi hawana antijeni hizo tatu, kwa hiyo ndizo wanazoweza kuzitengenezea kingamwili. c na e karibu kila mtu anazo. Mkuu wa idara akiuliza kwa nini uagize kitendanishi kipya, mweleze hivyo, na umwambie pia kwamba mgonjwa akishapata kingamwili nyingi kumtafutia damu kutagharimu zaidi ya vichupa hivyo vitatu.

Hatua ya 1: Historia kwanza, tyubu baadaye

Hatua hii haina kitendanishi hata kimoja, na ndiyo inayookoa watu wengi kuliko zote. Muulize mgonjwa au mzazi wake: Amewahi kuongezewa damu? Mara ya mwisho lini, hospitali gani? Baada ya hapo alipata manjano, mkojo mweusi, homa au maumivu makali ndani ya wiki mbili? Amewahi kuambiwa damu yake ni ngumu kupatikana? Kwa mwanamke, amebeba mimba ngapi, zikiwemo zilizoharibika? Usimuulize mama mbele ya dirisha la maabara huku ndugu wamejazana. Msogeze pembeni, msalimie, kisha uulize. Mama wa mtoto wa selimundu anazijua tarehe kuliko faili.

Kisha fungua rejesta za nyuma, na kama aliongezewa kwingine, piga simu huko. Unatafuta mambo mawili: fenotaipu ya zamani (orodha ya antijeni alizo nazo na asizo nazo) na kingamwili ya zamani.

Hii ni lazima kwa sababu kingamwili hufifia. Baada ya miezi au miaka inashuka hadi kipimo hakiioni tena, na za Kidd, yaani anti-Jka na anti-Jkb, zinajulikana sana kwa tabia hiyo. Uchunguzi unasoma hasi, krosimachi inakubali, uniti inaingia, na ndani ya siku chache kingamwili inarudi kwa nguvu na kuvunja chembe zote ulizompa.

Tahadhari: Kingamwili iliyowahi kuandikwa haifutwi. Hata kama leo haionekani, mgonjwa huyo atapewa damu isiyo na antijeni hiyo maisha yake yote.

Hatua ya 2: Sampuli

Ichukuliwe na kuandikwa palepale kitandani: majina matatu, namba ya hospitali, tarehe, saa, na saini ya aliyechukua. Majina mawili hayatoshi, maana wodi moja inaweza kuwa na Juma Ally wawili. Kichupa kikifika bila maandishi au kikipishana na fomu, kirudishe kichukuliwe upya. Usikubali muuguzi akirekebishie dirishani, hata mkiwa mnaheshimiana namna gani.

Mgonjwa aliyeongezewa damu au kuwa mjamzito ndani ya miezi 3 iliyopita, sampuli yake ya krosimachi isizidi siku 3. Kingamwili mpya inaweza kujitokeza katikati.

Kwa mgonjwa ambaye hajawahi kuongezewa damu, chukua kichupa cha ziada kwa ajili ya fenotaipu kabla uniti ya kwanza haijaning'inizwa. Nafasi hiyo ikipita, chembe za mchangiaji zitachanganyika na zake na utasubiri miezi.

Hatua ya 3: ABO na D

Hapa mnajua kazi. Grupu mbele (chembe zake na anti-A, anti-B), grupu kinyume (plazima yake na seli za A1, B), pande zote zikubaliane. Zisipokubaliana simama, usiendelee na fenotaipu wala krosimachi mpaka ujue sababu. Mtoto wa chini ya miezi 4 kwa kawaida hajatengeneza kingamwili zake za ABO, kwa hiyo kwake upande wa kinyume hautegemewi.

Hatua ya 4: Fenotaipu ya mgonjwa

Kama hajaongezewa damu ndani ya miezi 3:

a) Osha chembe zake mara tatu kwa salaini, kisha tengeneza mchanganyiko wa 3 hadi 5%. Ukiwa mzito sana mshikamano dhaifu utajificha, na ukiwa mwepesi sana hutaona kitu.

b) Andika tyubu tano: C, c, E, e, K. Kando yake weka tyubu za kudhibiti kwa kila kitendanishi, seli moja chanya na moja hasi. Ile chanya iwe yenye dozi moja, yaani Cc kwa kupimia anti-C, Ee kwa anti-E, Kk kwa anti-K. Seli ya CC itashikamana hata kama kitendanishi kimedhoofika, ikakudanganya.

c) Tone moja la kitendanishi, tone moja la chembe, au kadiri karatasi inavyosema. Isome karatasi hiyo kila boksi jipya linapofunguliwa: zipo antisera zinazofanya kazi kwenye joto la chumba, zipo zinazotaka 37°C, na baadhi ya anti-K zinataka kupelekwa hadi Coombs.

d) Zungusha, kisha inamisha tyubu taratibu huku ukitazama chembe zinavyoachia chini. Anayetikisa kwa nguvu anavunja mshikamano dhaifu kwa mkono wake mwenyewe.

e) Andika nguvu ya mshikamano, kuanzia 0 hadi 4+, palepale. Usisome tyubu zote kwanza ukaandika baadaye.

Kisha kagua kama matokeo yanaingia akilini. Kila mtu lazima awe na C au c, na awe na E au e. Ukipata mgonjwa ambaye C na c zote hasi, aina za namna hiyo zipo lakini ni adimu mno. Angalia kwanza kama hukusahau kudondosha kitendanishi.

Kabla ya kuiandika fenotaipu kwenye kadi ya kudumu, irudie kwa sampuli ya pili, na mtu mwingine asome. Kadi hiyo itaaminiwa na maabara nyingine kwa miaka, kwa hiyo kosa lililoandikwa humo litamfuata mgonjwa kila aendako.

Hatua ya 5: Kama ameongezewa damu hivi karibuni

Ukipima fenotaipu yake sasa utaona mchanganyiko, baadhi ya chembe zimeshikamana na nyingine zimelala huru. Hizo ni damu za watu wawili. Usichague upande unaokupendeza.

Kwa mgonjwa wa SS (aliyerithi hemoglobini S kwa wazazi wote wawili) ipo njia isiyohitaji mashine yoyote ya gharama. Chembe zake zinastahimili salaini dhaifu ya 0.3%, wakati chembe za kawaida za mchangiaji zinapasuka humo. Tengeneza kwa kuchanganya sehemu moja ya salaini ya 0.9% na sehemu mbili za maji yaliyochujwa. Weka matone manne au matano ya chembe zilizoshindiliwa kwenye tyubu, jaza salaini ya 0.3%, changanya, zungusha, mwaga maji mekundu. Rudia mpaka maji ya juu yawe meupe. Malizia kwa kuosha mara mbili na salaini ya 0.9%, ndipo utengeneze mchanganyiko na kufanya fenotaipu kama Hatua ya 4.

Tahadhari: Ukisahau ule uoshaji wa mwisho wa 0.9%, chembe zitaendelea kupasuka ndani ya vitendanishi. Na njia hii usiitumie kwa mgonjwa asiye wa selimundu. Utabaki na tyubu tupu.

Njia nyingine ni kipimo cha vinasaba, ambacho hakijali damu iliyoingia juzi. Kama hospitali yenu ya rufaa inaweza kukifanya, peleka sampuli.

Hatua ya 6: Tafuta kingamwili

Matone mawili ya plazima ya mgonjwa, tone moja la kila seli ya O ya uchunguzi, kila moja kwenye tyubu yake. Ongeza tyubu moja yenye plazima yake na chembe zake mwenyewe, hiyo ndiyo ya kujilinganisha.

Bila LISS, acha kwenye 37°C kwa dakika 30 hadi 60. Kwa LISS muda ni mfupi, fuata karatasi. Toa, zungusha, soma. Maji ya juu yakiwa mekundu kwa kupasuka kwa chembe, hayo ni matokeo chanya, yaandike. Kisha osha mara tatu au nne, mwaga salaini yote, weka seramu ya Coombs papo hapo, zungusha, soma.

Uoshaji ndio unaoharibu kipimo hiki kuliko kitu kingine chochote. Plazima kidogo ikibaki, IgG iliyomo inaimaliza seramu ya Coombs kabla haijafika kwenye chembe, na unasoma hasi ya uongo. Ndiyo maana kila tyubu iliyosoma hasi lazima iongezewe seli za kuhakiki, nazo lazima zishikamane. Zisiposhikamana, hukupima kitu. Rudia tangu mwanzo, hata kama wodi imeshapiga simu mara tatu.

Uchunguzi ukiwa chanya, kingamwili itambuliwe kwa paneli, yaani seti kubwa ya seli za O ambazo antijeni zake zinajulikana. Kama huna paneli, peleka sampuli kituo cha kanda au hospitali ya rufaa.

Hatua ya 7: Chagua uniti

Kulinganisha antijeni si kutafuta pacha wa mgonjwa. Kanuni ni moja: asipewe antijeni asiyokuwa nayo. Ile aliyo nayo, uniti iwe nayo au isiwe nayo, haimdhuru.

Mgonjwa ni C hasi, c chanya, E hasi, e chanya, K hasi: mtafutie uniti ya C hasi, E hasi, K hasi.

Mgonjwa ni C chanya, c chanya, E hasi, e chanya, K hasi: uniti iwe E hasi na K hasi, na kwa C chukua yoyote. Wanaoanza humnyima huyu uniti nzuri za C chanya bila sababu.

Mgonjwa ni C chanya, c hasi, E hasi, e chanya: huyu ndiye wa kutafutiwa hasa, maana anahitaji c hasi na wachangiaji wengi hapa wana c. Mwambie daktari mapema, usisubiri siku ya upungufu.

Anza na uniti za ABO ileile na D ileile, chukua segimenti za mrija (vipande vya mrija wa uniti vyenye damu yake), osha, pima antijeni unazotaka ziwe hasi. Idadi ya kupima ipate hivi: gawanya uniti unazohitaji kwa sehemu ya wachangiaji inayotarajiwa kufaa. Ukihitaji 2 na takriban nusu ya wachangiaji ni C hasi na E hasi, pima 4. Usipime friji nzima. Zile zilizopimwa, hata ambazo hukuzitumia, ziandikwe fenotaipu kwenye rejesta, maana kesho atakuja mgonjwa mwingine. Mchangiaji wa kurudia ambaye fenotaipu yake mnayo ni hazina, mtunzeni namba yake kwa siri na kwa idhini yake.

Uniti ya mgonjwa wa selimundu ipimwe pia kama haina hemoglobini S. Wapo wengi miongoni mwetu wenye kurithi nusu, wazima kabisa na wanachangia damu, lakini damu yao haimsaidii huyu ipasavyo.

Tahadhari: Msikimbilie O hasi kana kwamba inamfaa kila mtu. O hasi kwa kawaida ni C hasi na E hasi, sawa, lakini ina c na e, na mgonjwa mwenye anti-c au anti-e itamvunjikia. Tena ni adimu kwetu, na kuimaliza kwa mgonjwa wa Ro ambaye O chanya ya C hasi, E hasi ingemtosha ni kumnyima mama mjamzito wa D hasi atakayeletwa usiku anatoka damu.

Kama mgonjwa ameshapata kingamwili moja, ongeza ulinzi. Uniti isiwe na antijeni ya kingamwili hiyo, ilinganishwe C, c, E, e na K, na antisera zikiwepo ilinganishwe pia Jka na Jkb za Kidd, Fya ya Duffy, na S. Aliyetengeneza kingamwili moja yuko karibu zaidi na kutengeneza ya pili. Fyb isikusumbue kwa wagonjwa wetu wengi: Mwafrika wa Fy(a-b-) kwa kawaida hana Fyb kwenye chembe nyekundu tu, ila anayo kwenye viungo vingine, kwa hiyo mwili wake hauioni kuwa ngeni.

Hatua ya 8: Krosimachi hadi Coombs

Kila uniti, kila mara, hadi mwisho. Kuzungusha tu kwenye joto la chumba kunakamata kosa la ABO, lakini hakukamati anti-E, anti-K wala anti-Jka. Taratibu ni zile za Hatua ya 6, ila badala ya seli za uchunguzi unaweka chembe za segimenti. Seli za kuhakiki zisisahaulike.

Hatua ya 9: Kutoa damu

Andika kwenye lebo ya uniti antijeni zilizothibitishwa kuwa hasi. Atoaye na apokeaye wasome kwa sauti majina matatu, namba, grupu, namba ya uniti na tarehe ya mwisho. Damu ianze ndani ya dakika 30 tangu itoke kwenye friji na iishe ndani ya saa 4. Mkumbushe muuguzi akae karibu kwa dakika 15 za mwanzo.

Hatua ya 10: Kadi, na wiki mbili za kumfuatilia

Kwenye kadi andika: majina matatu, ABO na D, fenotaipu kamili na tarehe iliyopimwa, kingamwili zote zilizowahi kuonekana, tarehe na idadi ya uniti alizopewa, na mahitaji yake kwa maneno ya wazi, mfano "apewe C hasi, E hasi, K hasi". Mpe mgonjwa au mzazi, nakala ibaki kwenu. Mweleze kwamba kadi hiyo aioneshe kila hospitali atakayokwenda, hata akiwa safarini, hata kama hakuulizwa.

Mwambie pia dalili za kurudi haraka, kuanzia siku ya 3 hadi wiki ya 2, wakati mwingine hadi ya 4: macho ya manjano, mkojo mweusi, homa, maumivu ya mifupa, kuchoka upya. Maumivu hayo hufanana kabisa na yale ya selimundu yenyewe, na ndiyo maana wengi hutibiwa maumivu tu. Muombe daktari wa wodi aandike kwenye fomu tarehe ya damu ya mwisho kila mgonjwa wa selimundu anapolazwa.

Mambo yakikwama

*Seli zote za uchunguzi chanya, na tyubu ya kujilinganisha chanya.* Fanya Coombs ya moja kwa moja, yaani weka seramu ya Coombs kwenye chembe zake zilizooshwa, bila kuziweka kwanza na plazima. Inaweza kuwa kingamwili dhidi ya chembe zake mwenyewe, kingamwili ya baridi, au mwili unavunja kwa kuchelewa damu aliyopewa juzi. Chembe zikiwa zimepangana kama sarafu, ondoa plazima, weka salaini kiasi kilekile, soma tena. Coombs ya moja kwa moja ikiwa chanya, fenotaipu uliyoisoma kwa njia ya Coombs haifai.

*Uchunguzi hasi, krosimachi ya uniti moja chanya.* Rudia ABO ya uniti hiyo kwanza. Kisha ipime uniti yenyewe Coombs ya moja kwa moja. Zote zikiwa sawa, huenda mgonjwa ana kingamwili dhidi ya antijeni adimu iliyomo kwenye uniti hiyo tu. Weka kando, chukua nyingine.

*Uniti zote zinakataa, lakini kujilinganisha ni hasi.* Mgonjwa ana kingamwili kadhaa, au moja dhidi ya antijeni ambayo karibu kila mtu anayo. Kwa Waafrika fikiria antijeni U: mgonjwa wa S hasi na s hasi akitengeneza anti-U, kumtafutia damu ni kazi ya kituo cha rufaa. Wapime ndugu zake wa baba na mama mmoja, maana ndiko uwezekano uliko mkubwa zaidi wa kumpata anayelingana.

*Mgonjwa ni e chanya lakini ana anti-e, au D chanya na ana anti-D.* Usidhani umekosea moja kwa moja. Waafrika tuna aina nyingi za Rh ambazo antijeni yake ina pungufu fulani, kitendanishi kinaiona lakini mwili unaiona nzima ya mchangiaji kuwa ngeni. Rudia kipimo, kisha peleka sampuli kwa ajili ya vinasaba. Wakati unasubiri, iheshimu kingamwili hiyo kama ya kweli.

*Hemoglobini imeshuka chini ya ilivyokuwa kabla ya damu.* Mpigie daktari simu sasa hivi, usisubiri majibu yachapwe. Kuna hali ambapo mwili unavunja chembe za mchangiaji pamoja na zake mwenyewe, na kuongeza uniti nyingine kunaweza kuzidisha moto huo. Uchunguzi wa kingamwili na hata Coombs vinaweza kusoma hasi. Chukua sampuli mpya, pima retikulosaiti (chembe nyekundu changa) na bilirubini (rangi ya manjano itokanayo na chembe zilizovunjika), rudia uchunguzi baada ya siku chache.

*Saa nane usiku, mtoto ana hemoglobini ya 3, anahema, moyo unashindwa, na anti-C zimeisha.* Mtoto asife akisubiri fenotaipu. Mpe damu ya ABO na D inayolingana, iliyokubali krosimachi hadi Coombs, daktari asaini kwamba ni ya dharura, na uandike kwenye kadi kuwa uniti hiyo haikulinganishwa C, E wala K. Kabla haijaanza, chukua kichupa kimoja cha EDTA, kiandike vizuri na kiweke kwenye friji ya sampuli. Fenotaipu itafanywa kutoka humo antisera zikifika.